Shahada ya Kitinda

Jumanne, tarehe nne Juni. Asubuhi ile manyunyu yalianguka mepesi, kisha jua likatoka na kukausha upande mmoja tu wa barabara, ule wenye duka la dawa. Upande wa pili, penye karakana ya glavu, maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye mabati, na Mama Glavu alikuwa ameinama mezani akikata vidole.

Ndivyo walivyosema pale karakanani: kukata vidole. Glavu ya kazi ina kiganja, ina mgongo, ina vidole, na anayekata vidole ndiye bwana wa meza. Kiganja kikikosewa, mtu hulalamika akaendelea kuivaa. Kidole kikikosewa, anairudisha. Wajenzi na wazoa taka wa mji mzima walivaa glavu za mama yule na hawakuwa wakizirudisha, isipokuwa tangu mkasi mkubwa mweusi ukose mtu wa kuushika. Mkasi ule ulikuwa wa marehemu mumewe, ukawa wa mwanawe wa mwisho, Kitinda. Kitinda alipoingia kwenye vidonge, kisha kwenye vitu vilivyo zaidi ya vidonge, akapelekwa nyumba ya nafuu, mkasi ukabaki umening'inia msumarini. Mama Glavu alikata mwenyewe turubai kwa mkasi mdogo, na macho yake hayakuwa ya zamani.

Siku hiyo Kitinda alikuwa anatoka.

"Wifi, tutachelewa," alisema dada wa marehemu mumewe, aliyekaa kwenye cherehani ya pembeni tayari amejitanda. Mama Glavu alimwita Wifi, na karakana nzima ikamwita Wifi, hata wasiokuwa na undugu naye. "Umechukua shahada yako?"

"Ninayo."

"Mimi nina pete yangu na ya mume wangu. Ya mume wangu imegoma kutoka, nimeitoa kwa sabuni, amebaki analia."

Getini kwa nyumba ya nafuu kulikuwa kumebandikwa tangazo wiki nzima: wanaotoka Jumanne, pamoja na jamaa zao, watapimwa shahada na pete kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo Mama Glavu alikuwa amebeba shahada yake ya shule ya jioni, ndani ya mfuko wa plastiki, kati ya mikunjo miwili ya khanga ili isipate kona. Alikuwa ameipata akiwa mtu mzima, baada ya kushona mchana na kusoma jioni, na hakuna siku aliyoitoa nje ya nyumba bila kusali kwanza.

Hakuwa peke yake. Kwenye foleni kulikuwa na baba aliyekumbatia shahada ya udereva ikiwa kwenye fremu na kioo chake. Kulikuwa na mama mwenye pete tano, mbili za kuazima.

Mpimaji alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyesoma mpaka mwisho, na mkononi alishika chuma chenye midomo miwili cha kupimia. Alikuwa mtu wa adabu. Mama Glavu alipomnyooshea shahada yake kwa mikono miwili, aliipokea kwa mikono miwili, akaipima urefu, akaipima upana, akamrudishia.

"Ni nzuri sana, mama," alisema. "Ila mimi nilikuwa nataka kidole. Hiki cha shahada, kinachofuata gumba. Na hiki cha pete."

Foleni nzima ikarudisha vitu mifukoni kimya kimya. Baba wa fremu aliamua kuendelea kuikumbatia.

Mpimaji alieleza huku akipima. Mtoto akiwa bado tumboni, alisema, kuna homoni zinazomwogesha. Za kiume zikiwa nyingi, inaonekana kidole cha pete hurefuka kukipita cha shahada. Yeye na wenzake wanataka kujua kama watu wa pete ndefu ndio wanaoanguka zaidi kwenye dawa za kulevya. Bado hawajui. Wengine wamesema ndiyo, wengine wamepima wakakuta hakuna kitu.

Kisha akamfikia Kitinda, aliyekuwa amesimama na kibegi chake, amenenepa shingo, amenyolewa vizuri. Midomo ya chuma ikabana kidole kimoja, ikabana cha pili.

"Shahada ni fupi," alisema Mpimaji. "Pete imeipita kwa nusu ya ukucha."

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Mama Glavu.

"Hapana, mama. Huu ni wastani tu."

"Wastani ni nani?" aliuliza Wifi.

"Si mtu, mama. Ni watu wengi ukiwachanganya pamoja. Hauwezi kumwambia mmoja chochote."

"Sasa kama hamwambii mtu chochote, anatafuta nini kwenye vidole vya watoto wa watu?" Wifi alimgeukia Mama Glavu. "Mimi nilijua. Mimba ya huyu ulikuwa unakula udongo mpaka ukuta wa jiko ukaanza kuonyesha nje. Nilisema, wifi yangu, hicho kiumbe unakimwagia zege."

"Shangazi," alisema Kitinda, "habari za siku nyingi."

"Nzuri, baba. Karibu nyumbani. Hebu nione mkono."

Mwana wa kwanza wa Mama Glavu alikuwa mfamasia, na duka lake la dawa ndilo lile lililotazamana na karakana. Watu walimwita Mfamasia, na mama yake pia, kwa fahari, tangu siku alipovaa koti jeupe. Koti hilo hakulivua hata akila, na mikono yake, asipokuwa akiuza, ilikaa mifukoni muda wote, kama mtu anayesikia baridi ambayo wengine haijawafikia. Habari ya kidole ilimfikia kabla chai haijachemka, kwa sababu Wifi alipitia kwake kwanza kununua dawa ya kichwa.

Alivuka barabara, akamkumbatia ndugu yake bila kutoa mikono mifukoni, jambo ambalo si rahisi.

"Mama," alisema, "sayansi imeshasema. Huyu alikuja hivi. Hatuwezi kumlaumu, lakini hatuwezi kumpa mkasi na funguo za karakana. Mjomba ana shamba kule mbali, anatafuta mtu wa kulinda ng'ombe. Ng'ombe hawana vidonge."

"Mwanangu, mbona yule mtoto wa watu alisema ni wastani."

"Ndiyo hivyo hivyo, Mama. Wastani wake ni mbaya. Jumamosi tukae kama familia, tumwite na huyo Mpimaji, tumalize." Akamgeukia Kitinda. "Unaelewa, mdogo wangu? Ni kwa ajili yako."

"Naelewa, kaka," alisema Kitinda. Alikuwa anautazama mkasi msumarini. Tangu arudi alikuwa hajaugusa.

Jioni Mama Glavu alikwenda shuleni kama kawaida, kwa kuwa hata baada ya kupata shahada hakuacha kusoma. Somo lilikuwa Kiswahili, na mwalimu alikuwa akieleza jinsi neno moja linavyozaa mengine. Aliandika ubaoni: shahada, shahidi, ushahidi, kushuhudia. Mama Glavu aliinua mkono.

"Mwalimu, na kile kidole?"

"Nacho ni ukoo huo huo, mama. Kidole cha kushuhudia. Ndicho mtu anachokiinua akisema kweli."

Mama Glavu alinakili yote, pamoja na tarehe.

Aliporudi alipiga magoti kwenye chumba cha kukatia, juu ya vipande vya turubai, mahali alipozoea kusalia kwa sababu pana ulaini kidogo. Alimshukuru Mungu kwa mwanawe kurudi akiwa na shingo. Alimshukuru kwa shule. Kisha akafika kwenye shida yenyewe.

"Mungu wangu," alisema, "wewe ndiye mkataji, mimi nilikuwa meza tu. Kama kile kidole cha shahada kilikatwa kifupi nikiwa nakula udongo, nisamehe, nawe kiongeze."

Akasema amina, akalala usingizi mzuri. Alikuwa amekata vidole maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kumwagiza kidole bila kumtajia kipimo. Lakini mbele ya Mungu alisahau kutaja kipimo.

Jumatano asubuhi Kitinda alikuwa anakunywa chai, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimekipita cha pete na kinakishika kikombe kwa nyuma.

"Mama, kidole kimerefuka."

"Naona, baba. Kinauma?"

"Hakiumi. Kinawasha kwa mbele kidogo."

Mama Glavu alimshukuru Mungu tena, akamwongezea mkate. Alihesabu kwamba kazi imekwisha. Kufikia mchana kidole kilikuwa na urefu wa kijiko cha chai, na jioni kijiko cha kupakulia.

Kilikuwa pia na tabia. Kitinda akiwa amekaa, kilijiinua polepole na kuelekea dirishani, kama mche unaotafuta mwanga. Mama yake alimgeuza kiti, kidole kikazunguka. Alimhamishia chumba cha nyuma, kikaelekea ukutani, upande ule ule. Fundi saa, jirani wa mlango wa pili, alikuja na dira yake ya mfukoni, akavilinganisha kwa muda.

"Si kaskazini," alisema mwishowe. "Kaskazini ni kule kwenye choo. Hiki kina jambo lake."

"Kinaelekea duka la dawa," alisema Wifi bila kuinua macho kwenye cherehani.

Ilikuwa kweli, na watu walifurahi kwa sababu ilisaidia. Mgeni akiuliza duka la dawa liko wapi, aliambiwa achungulie karakanani amtazame kijana. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mwenye homa alimshukuru Kitinda mara mbili.

"Kwa nini kule, baba?" aliuliza Mama Glavu walipobaki wawili.

"Mama, hicho kidole kina mambo yake." Kitinda alikikunja, akakiweka chini ya kwapa. "Mimi na kaka hatuna neno."

Wakati huo mji nao ulikuwa umepata cha kufanya. Wifi alikuwa hajafunga mdomo, na kila aliyepita karakanani alijua kwamba pete ndefu ni hatari. Wenye nyumba walianza kuwaambia wapangaji wafungue viganja kabla ya kupewa chumba. Kwenye benchi la wanaosubiri kinyozi watu walikaa wamekunja ngumi, hata ungedhani wana ugomvi. Fundi saa, ambaye alikuwa anaoa mwezi ujao, alikuja Alhamisi akafunga mlango nyuma yake.

"Mama mkwe anataka kuniona," alisema.

"Si ameshakuona?"

"Mikono." Akaiweka mezani. Pete zake zilikuwa ndefu kama za watu wengi. "Nishonee glavu, mama. Ila cha shahada ukijaze pamba mbele, kipite kidogo. Kidogo tu, nisionekane mwongo."

Mama Glavu alimshonea, kwa sababu alimhurumia, na kwa sababu usiku wake wa Jumatano ulikuwa umepita akimshonea Kitinda glavu ya aina nyingine kabisa, yenye kidole kirefu cha kukunjia ndani ili Jumamosi kisionekane kinaelekea kwa nani. Fundi saa alitoka mikono mbele. Kabla ya jua kuzama watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye mfereji, wote wakitaka pamba kwenye shahada. Karakana ilikuwa haijawahi kupata kazi kama ile. Kitinda alikata bila mkasi mkubwa, kwa sababu bado haukuwa wake, lakini kidole kilimsaidia. Kilinyooka juu ya turubai kikalibana kama rula, na makali ya mkasi mdogo yakapita pembeni yake bila kutetereka.

"Kumbe Mungu hatoi kitu bure," alisema Wifi. "Nikikosa rula nitakuja kukuazima, baba."

"Karibu, Shangazi. Ila usinipeleke mbali, kitageuka."

Ijumaa Mama Glavu alitafuta kigezo cha Kitinda. Kila mtu wa familia alikuwa na kigezo chake, mkono uliochorwa kwenye kadibodi na kukatwa, ukaning'inizwa kwa uzi. Alitaka kuongeza kidole kwa gundi. Uzi ukakatika, vigezo viwili vikaanguka juu ya meza, kimoja juu ya kingine, vikakaa kama mkono mmoja. Kimoja kilikuwa cha Kitinda. Kingine kilikuwa cha Mfamasia. Pete ilikipita kidole cha shahada kwa nusu ya ukucha, huku na huku, na kama kulikuwa na tofauti, ya Mfamasia ilizidi kwa unene wa uzi.

Alivitazama kwa muda. Kisha akachukua cha pili, akavuka barabara nacho.

Dukani kulikuwa na wateja wengi. Wengine walikuwa wanakohoa. Wengine hawakuwa na ugonjwa unaoonekana, walisimama tu wakijikuna shingo, na Mfamasia aliwapa vidonge kwenye karatasi ndogo, akiwaita wote mteja wangu, mteja wangu. Hakuna aliyeulizwa cheti cha daktari.

"Mwanangu, nawe una pete ndefu," alisema Mama Glavu, akamwekea kadibodi kwenye kaunta.

Mfamasia aliitazama, akairudisha mikono mifukoni.

"Najua, Mama. Lakini mimi ni mfamasia. Kwangu ni kazi."

Jibu lile lilionekana lina maana mpaka Mama Glavu alipofika katikati ya barabara.

Jumamosi mchana walikaa kwenye chumba cha kukatia, kwa sababu ndicho chenye meza ndefu. Mama Glavu alikaa upande mmoja na Kitinda. Mfamasia alikaa upande wa pili, katikati, mahali alipokuwa akikaa marehemu baba yake. Kushoto kwake alikaa Mpimaji na chuma chake, na kulia Wifi na sinia ya chai. Fundi saa alikuwa ameombwa awe shahidi wa nje, akaja na glavu zake mpya. Mkasi mweusi uliwekwa mezani, na funguo za karakana kando yake. Kitinda alivaa glavu aliyoshonewa na mama yake, kidole kimekunjwa mara tatu ndani, na mkono ulionekana kama mkono ulioumwa na nyuki.

Walisali. Mama Glavu aliomba kwa sauti, kwa ufupi, akawa mwangalifu na vipimo.

"Sina maneno mengi," alianza Mfamasia. "Huyu ni mdogo wangu, nampenda. Lakini kuna mambo mtu anazaliwa nayo."

Mshono mmoja wa glavu ulikatika. Ulisikika vizuri. Wifi alimimina chai.

"Sisi wengine tulijitahidi. Tulimshauri, tukamwombea."

Ukakatika wa pili na wa tatu. Mama Glavu aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanawe, akasikia kitu kinasukuma chini yake kwa upole, kama paka anayetaka kutoka.

"Mimi mwenyewe," alisema Mfamasia, "sijawahi kujua aliyapata wapi hayo madawa."

Glavu ikafunguka yote. Kidole kikatoka, kikanyooka juu ya meza, kikapita kando ya mkasi bila kuugusa. Kilipofika kwenye sinia kilipanda juu ya vikombe kwa uangalifu. Wifi alisogeza sukari kipite. Kilivuka meza, kikapanda kifuani kwa koti jeupe, kikasimama kwenye mfuko wa juu. Mfuko ukalia mlio ule wa vidonge vikiwa kwenye karatasi yake ya fedha.

Mpimaji alifuta miwani.

"Baba," Mama Glavu alimwambia Kitinda taratibu, "sema."

"Kimeshasema, Mama."

"Sema na wewe."

Kitinda alikohoa. "Nilikuwa na jino. Kaka akanipa vidonge vya wiki moja. Jino likapona, nikarudi, akanipa tena. Sikumwomba kwa magoti, na yeye hakunilazimisha. Ilikuwa ni mtu na duka lake." Alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Nyinyi wote mlikuja kuniita teja. Kaka alikuwa wa kwanza, ila yeye aliniita mteja. Ni herufi moja tu iliyodondoka njiani."

Mama Glavu aliutazama mfuko. Alikuwa anafikiri juu ya ubao wa shule ya jioni, na neno lile lililozaa mengine. Kidole kilikuwa kinafanya kazi ya jina lake, na yeye alikuwa amekishonea mfuniko.

Mfamasia alikitazama kidole kwenye kifua chake. Alikitazama kwa muda mrefu, kwanza kama mtu, kisha kama msomi. Uso wake ukafunguka.

"Mpimaji," alisema, "hebu pima."

Chuma cha midomo miwili hakikutosha, wakatumia utepe wa kushonea. Mpimaji alianzia kwenye kiganja cha Kitinda akaenda nao mpaka ng'ambo ya meza, Wifi akishikilia katikati usilegee. Akapima na cha pete.

"Shahada ni ndefu kuliko pete," alisema Mpimaji. "Ni ndefu mno."

"Umesikia, Mama?" Mfamasia alisimama, na kidole kikasimama naye. "Kwa kipimo hiki ndugu yangu hana tena hatari yoyote. Hakuna mtu salama kama yeye mji mzima! Apewe mkasi. Apewe funguo. Mimi wa kwanza nakubali."

"Alhamdulillahi, Bwana asifiwe, yote mawili," alisema Wifi, akapiga makofi. Fundi saa naye akapiga, lakini kwa sababu ya pamba makofi yake hayakusikika.

"Samahani," alisema Mpimaji. "Wastani hauwezi kusema hivyo kwa mtu mmoja. Nilishaeleza. Na huyu itabidi nimtoe kwenye hesabu, anauvuta wastani mzima upande wake."

"Wastani huyo tena!" alisema Wifi. "Mwambie aje mwenyewe siku moja tumjue. Chukua chai, baba."

Kitinda aliuchukua mkasi. Aliufungua, akaufunga, akasikiliza mlio wake. Mkono mwingine ulikuwa bado ng'ambo ya meza, kifuani mwa kaka yake. Mama Glavu alikuwa ameomba siku zote amwone akiushika mkasi ule, na sasa alimwona, na furaha ilikuja kama ilivyotakiwa kuja. Lakini haikuja peke yake.

"Na kile kinachoonyeshwa na kidole?" aliuliza.

Mfamasia alikaa. Nje, upande wenye jua, watu walikuwa wamejipanga mlangoni pa duka wakijikuna shingo, na msichana wa dukani alichungulia kuelekea karakanani akitaka kujua bosi atarudi lini.

"Mama, nimekielewa," alisema Mfamasia, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli. Alitoa mikono mifukoni kwa mara ya kwanza nje ya duka tangu apate koti, akaiweka mezani, pete ndefu, shahada fupi. "Naahidi mbele yenu nyote. Kuanzia Jumatatu, sitampa mtu yeyote vile vidonge bila kumpima vidole kwanza."

"Hiyo ni ahadi nzuri," alisema Wifi.

"Nzuri sana," alisema fundi saa, akaficha mikono chini ya meza.

Mfamasia alikwenda dirishani kumpungia msichana wa dukani kwamba anakuja. Kidole kilimfuata, kikazunguka naye nguzo ya katikati, kikarudi kwenye mfuko ule ule. Alikuwa ameshakizoea. Alikisogeza kidogo pembeni alipokunywa chai yake ya mwisho.

Mama Glavu aliokota mezani glavu iliyopasuka. Aliigeuza ndani nje, akaitazama mishono yake mwenyewe, iliyokuwa mizuri, midogo, ya mtu aliyekusudia. Kisha akamwomba Kitinda mkasi mkubwa. Akakata kile kidole cha glavu kwenye shina lake, mkato mmoja, akaiacha glavu na tundu. Akasimama. Alisimama kama alivyosimama darasani siku ya kupewa shahada, mikono imeshuka, kichwa juu.

"Nilimwomba Mungu kidole, akanipa," alisema. "Mimi nikakivisha. Sasa nanyi mmekaa hapa, Wifi, jirani, na wewe mtoto wa watu mwenye wastani wako, mnishuhudie. Mwanangu huyu wa mwisho atakata vidole vya karakana hii mpaka nife. Mwanangu huyu wa kwanza atakula kwangu kama kawaida, chai yake ipo. Lakini kila glavu nitakayomshonea Kitinda mkono wa kulia, nitaiacha wazi hapa. Kwenye mvua, kwenye baridi, mbele ya wageni, hata siku ya harusi. Naahidi mbele yenu nyote: kidole hiki sikifuniki tena, mpaka kishuke chenyewe."